Daktari wa Uwanjani

Kila aliyesomeshwa ana deni, alijue asilijue. Mimi nauliza: deni hilo lina sarafu moja tu ya kulilipia?

Namchukua Sócrates wa Brazil, maana huyu alisoma kweli, si cheti cha kununua. Alizaliwa Belém mwaka 1954, na baba yake mpenda vitabu akampa jina la yule mwanafalsafa wa Kigiriki. Alipokuwa akiichezea Botafogo ya Ribeirão Preto alikuwa papo hapo mwanafunzi wa udaktari wa Chuo Kikuu cha São Paulo. Mazoezi aliweza kuyakosa, darasa hapana. Mwaka 1978 akahamia Corinthians, na 1982 akawa nahodha wa Brazil kule Hispania, ile timu tamu iliyofungwa na Italia 3-2 na mpaka leo watu wanaililia.

Sasa jamani, chuo kile ni cha umma, mwanafunzi halipi ada. Ribeirão Preto ni nchi ya miwa. Maana yake kuna mkata miwa aliyechangia kodi ili kijana huyu ajue kutibu, naye kijana akaenda kupiga pasi za kisigino! Tumwambie nini mkata miwa? Mashabiki wanasema eti kipaji ni kipaji. Hilo si jibu.

Wengine wananiletea Tostão. Alitwaa Kombe la Dunia 1970, jicho likamstaafisha 1973, akasoma udaktari na akatibu. Huyo ndiye muungwana, wanasema. Lakini bwana, jicho ndilo lililoamua. Angebaki mzima, nani ajuaye?

Mimi napata pa kushika Corinthians, kati ya 1982 na 1984. Nchi ilikuwa mikononi mwa wanajeshi tangu 1964, lakini klabuni mambo yaliamuliwa kwa kura: nahodha kura moja, mtunza jezi kura moja. Hata ile habari ya kufungiwa kambini kabla ya mechi waliipigia kura. Novemba 1982 wakavaa jezi zilizowahimiza wananchi wakapige kura tarehe 15. Aprili 1984 Sócrates akaahidi mbele ya umati: Bunge likiruhusu wananchi wamchague rais wenyewe, mimi Italia siendi. Bunge halikupitisha. Akaenda Fiorentina.

Usiniambie ni digrii iliyomfundisha hayo. Wladimir, beki wa kushoto, hakuwa daktari na walikuwa bega kwa bega. Digrii ilimpa kitu kingine: hakutishika. Tajiri wa klabu utamtisha vipi mtu ambaye ukimfukuza leo, kesho anavaa koti jeupe? Hapo naona mkata miwa alirudishiwa chake, japo si kwa sindano.

Kilichobaki kunikera ni sigara na pombe. Alizitumia akijua kwa vitabu zinafanya nini mwilini, akafa Desemba 2011 na miaka 57. Kumbe kujua ni kitu kimoja, na kujitawala kingine kabisa.

Nayasema haya kwa kuwa mdogo wangu kapata daraja la kwanza kidato cha nne, na timu moja inamtaka. Baba anataka achague moja, tena wiki hii. Nimemwambia, mzee, muache ashike yote mawili, asije akawa mateka wa tajiri yeyote. Baba kaniangalia, kauliza, "Na nauli ya mazoezini atatoa nani?" Nimeanza kumpa mimi.