Riba Ikilipwa na Serikali, Je, Huwa Halali?

 

Kuharimishwa kwa riba ni jambo lisilofichika kwa Muislamu yeyote. Lakini yako mambo ambayo kwayo riba huvishwa nguo ya msaada, hata mtu akadhani si riba tena. Mfano wake ni mpango uliokuwako India tangu 1 Aprili 2015 hata 31 Desemba 2024.

Katika mji wa Moradabad wako mafundi wa vyombo vya shaba, na wengi wao ni Waislamu. Tajiri avipelekaye vyombo hivyo ng'ambo hununua shaba na kuwalipa mafundi leo, na fedha za mnunuzi humfikia baada ya miezi. Kwa hiyo hukopa benki. Serikali iliona kuwa riba hiyo yawalemea matajiri wake mbele ya washindani wa nchi nyingine, ikachukua kulipa sehemu yake: 3 katika 100 kwa mwaka, na tangu Novemba 2018 ikawa 5 kwa wenye viwanda vidogo, kisha ikapunguzwa.

Kusudi la kuwasaidia wachuma riziki si baya. Lakini na itazamwe hesabu. Tajiri akikopa rupia 1,000,000 kwa mwaka, kwa riba ya 9 katika 100, riba yake ni rupia 90,000. Serikali ikilipa 30,000, yeye hulipa 60,000. Je, benki imepata ngapi? Imepata zile zile 90,000, haikupungukiwa hata pesa moja. Basi riba haikuondoka. Kilichogawanyika ni mzigo wake tu.

Na sehemu ya serikali yatoka wapi? Yatoka katika hazina, na hazina hujazwa na kodi za watu wote. Mjane anunuaye sabuni dukani, asiyekopa maisha yake, naye ametiwa katika kulipa riba ya mtu mwingine.

Wako wasemao: "Serikali ikilipa, tajiri hana dhambi." Hoja hii ni dhaifu. Mkataba ni wake, na sharti la nyongeza limo ndani yake. Na Mtume, rehema na amani zimshukie, alimlaani mwenye kula riba, na mwenye kuilisha, na mwandishi wake, na mashahidi wake wawili, akawafanya wote kuwa sawa. Ikiwa mwandishi asiyepata kitu hakusalimika, atasalimikaje mwenye mkataba?

Wala sharia haikumfungia tajiri mlango. Iko salam, mnunuzi alipe thamani yote mbele, kwa kitu kilichojulikana sifa, kipimo na muda wake. Iko musharaka, wenye mali washirikiane katika faida na hasara. Na Benki Kuu ya Pakistan iliweka mpango wa musharaka kwa biashara hii hii ya kupeleka bidhaa ng'ambo. Na serikali itakayo kusaidia yaweza kumpa fundi msaada mkononi mwake, usipitie katika riba.

Basi yawapasa matajiri wa Kiislamu wakusanye mali zao kwa ushirika, kabla ya kutafuta udhuru. Mwenyezi Mungu awatosheleze kwa halali yake, awaepushe na haramu yake. Amin.