Upelelezi na Sitara: Je, Bwana Msa Ana Haki ya Kujua?

Mwalimu yeyote aliyewahi kutunza kabati la vitabu vya shule anajua kwamba riwaya za upelelezi ndizo zirudishwazo zikiwa zimechakaa kuliko nyingine. Anajua pia kwamba walimu wenzake wengi huzitazama kwa jicho la mashaka. Husema ni burudani tupu. Na walio wakali zaidi huuliza ni vipi mtu mwenye utu astarehe kwa kusoma habari za maiti. Swali hili la pili si la kupuuzwa, lakini nadhani halijagusa kiini cha jambo. Kifo kimo katika tenzi, kimo katika tamthilia, kimo hata katika ngano tuwasimuliazo watoto kabla ya kulala, wala hatusikii malalamiko. Linalonitatiza mimi ni kupeleleza kwenyewe. Je, ni halali mtu kuingia katika mambo ya jirani zake, akayafukua yaliyofichwa, nasi tukamshangilia?

Nazungumzia aina moja tu ya riwaya hizo, ambayo naweza kuiita ya upelelezi tulivu. Simo katika habari za Willy Gamba wa Elvis Musiba, ambaye tangu Kufa na Kupona (1974) hutembea na bastola na huvuka mipaka ya nchi kwa ndege. Katika upelelezi tulivu damu haimwagiki mbele ya macho ya msomaji. Mpelelezi si askari. Mahali ni kijiji au mtaa ambao watu wake wanajuana, na kitabu kikiisha, kingine hufuata chenye mpelelezi yuleyule na, aghalabu, majirani walewale. Waingereza walipata Miss Marple wa Agatha Christie, bibi kizee afumaye sufi katika kijiji cha kubuni cha St Mary Mead. Riwaya yake ya kwanza ilitoka mwaka 1930 na ya mwisho mwaka 1976. Botswana imepewa na Alexander McCall Smith bibi mwingine, Precious Ramotswe, ambaye alianza kazi mwaka 1998 na vitabu vyake vimepita 20. Mwaka 2020 Richard Osman alianzisha mfululizo kuhusu wastaafu wanne wachunguzao mauaji kama wengine wachezavyo karata. Hamu ya vitabu hivi haijapungua.

Sisi tulimpata Bwana Msa. Muhammed Said Abdulla, aliyezaliwa Makunduchi, Unguja, mwaka 1918, alikuwa mkaguzi wa afya kabla ya kuingia katika magazeti na hatimaye kuhariri jarida la Mkulima. (Mkaguzi wa afya ni mtu aliyezoea kupita mbele ya mlango na kutaka kuona yaliyo uani, sidhani kazi hiyo ilimpotea bure.) Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda shindano la uandishi la East African Literature Bureau la 1957-58, ikachapishwa mwaka 1960. Zikafuata Kisima cha Giningi (1968), Duniani Kuna Watu (1973), Siri ya Sifuri (1974), Mke Mmoja Waume Watatu (1975), Mwana wa Yungi Hulewa (1976) na Kosa la Bwana Msa (1984). Mwandishi alifariki mwaka 1991.

Wahakiki wamekwisha kusema vya kutosha kwamba Bwana Msa na kiko chake ni kivuli cha Sherlock Holmes, na kwamba Najum ni Watson aliyevaa kanzu. Haya ni kweli, wala hayana haja ya kurudiwa. La kuangaliwa zaidi ni mahali mafumbo yake yanapoelekea. Kadiri mfululizo unavyoendelea, swali la nani kaua linapungua uzito, na mahali pake linakuja swali la nani ni mwana wa nani, nani alimwoa nani kwa siri, na ni nani aliyelelewa na asiye mzazi wake. Hayo ndiyo mambo hasa ambayo mji wa Waswahili umezoea kuyafunika.

Mshairi W. H. Auden aliandika mwaka 1948 makala juu ya riwaya hizi, akikiri kwamba yeye mwenyewe alikuwa mraibu wake. Hoja yake kwa ufupi ni hii: kijiji cha riwaya ni bustani isiyo na dhambi, mauaji yanaichafua, mpelelezi anamtoa mwenye hatia, na wengine wote wanarudia usafi wao wa awali. Ni hoja nzuri, na kwa St Mary Mead yamkini inatosha. Kwetu haitoshi, kwa kuwa hakuna mtaa wetu hata mmoja unaodhani kwamba watu wake ni safi. Kila mtu anajua la mwenziwe. Kinachoushika mtaa usisambaratike ni sitara, yaani ile desturi ya kujua na kutosema.

Ili tulione jambo hili vizuri, natupa macho kwenye kisiwa cha kweli. Chula ni kimoja katika visiwa vya Wabajuni, vilivyojipanga kusini ya Kismayu sambamba na pwani ya Somalia, pamoja na Koyama, Chovai na vinginevyo. Mwandishi wa upelelezi tulivu angekipenda. Ni kisiwa kidogo, na watu wake ni wavuvi. Koo zimeoana hata ni shida kumtaja mtu bila ya kumgusa jamaa wa msikilizaji. Tuseme, basi, usiku mmoja jarife limetoweka ufukweni. Kabla ya adhuhuri kila mtu anajua. Kuna aliyeona chombo kikitoka bila taa. Kuna aliyeitambua nyayo mchangani. Na wavu wenyewe, popote ulipo, unao mkono wa aliyeufuma, ambao wavuvi huusoma kama sisi tusomavyo mwandiko wa mwanafunzi. Fumbo hapana. Hata hivyo hakuna asemaye. Mke wa mwizi ni mtoto wa nduguye mwenye wavu. Mwizi ana mgonjwa nyumbani. Isitoshe, kesho watu hawahawa watasukuma chombo kimoja majini. Jioni mzee mmoja atakwenda kuketi kwa yule bwana, azungumze naye habari za pepo na za bei ya papa, aage, na alfajiri jarife litakutwa mahali pake.

Mzee huyo ndiye mpelelezi wa Chula, na kazi yake si kujua, maana kujua hakumgharimu chochote. Kazi yake ni kuamua kile anachokijua kifanyiwe nini.

Watu wa kisiwa kama hicho, wakiwa Waislamu, wanalo neno zito zaidi la kumpinga Bwana Msa. Sura ya Hujurat inakataza waziwazi kupeleleza. Na neno tulitumialo kwa katazo hilo ndilo tulilompa mhusika wetu kama jina la kazi. Lakini Kitabu hichohicho, katika Sura ya Nisaa, kinaamuru kusimama na uadilifu na kutoa ushahidi hata kama ni juu ya nafsi yako, wazazi wako na jamaa zako. Wanavyuoni wamekwisha kupambanua: yenye kusitiriwa ni aibu ya mtu, ile isiyomdhuru mwingine, dhuluma haisitiriwi. Upambanuzi huu ni mzuri mpaka mtu autumie. Kuzaliwa nje ya ndoa, mathalan, ni siri ambayo mungwana huipita kimya miaka ishirini. Siku kijana yule anapotaka kumposa binti ambaye, bila ya wote wawili kujua, ni dada yake kwa baba, kimya kilekile kinageuka dhuluma. Hakuna kilichobadilika katika siri. Kilichobadilika ni mtu atakayeumia. Naona hii ndiyo sababu mafumbo ya nasaba yanamfaa mwandishi wa Kiswahili kuliko mauaji: yanakaa palepale mpakani, ambapo sitara inaanza kuoza.

Basi ni nani mwenye haki ya kuufungua mlango huo? Jibu langu limo katika jambo ambalo wahakiki hulitaja kwa dharau, nalo ni kwamba vitabu hivi huja kwa mfululizo. Husemwa kwamba mwandishi anaendelea kwa sababu ya fedha, na msomaji kwa sababu ya uvivu. Yamkini. Arthur Conan Doyle alimwua Holmes mwaka 1893, na kufikia mwaka 1903 alikuwa amekwisha kumfufua kwa ajili ya wasomaji wasiokubali. Lakini mfululizo una maana ya kiadili pia. Mpelelezi wa kitabu kimoja anafichua, anaondoka, hadithi imekwisha. Mpelelezi wa mfululizo hana pa kwenda. Yule mjane ambaye siri ya mumewe ameitoa hadharani katika kitabu cha kwanza atakutana naye sokoni katika kitabu cha pili, na atapaswa kumwamkia. Inspekta Seif, mwenye pingu, anaweza kuhamishiwa Pemba; Bwana Msa na kiko chake atabaki barazani. Haki yake ya kujua, kama anayo, inatokana na kubaki huko.

Lazima niseme kwamba waandishi wengi wa mifululizo hulikwepa deni hili. Katika St Mary Mead watu wameuawa kitabu baada ya kitabu, na chai inaendelea kunywewa kana kwamba kijiji hakina kumbukumbu. Hapo starehe inakuwa ya uongo. Abdulla naye hana usafi kamili katika hili, ingawa namheshimu kwa kukiita kitabu kimoja cha mfululizo wake Kosa la Bwana Msa. Si kila mwandishi athubutuye kuweka neno kosa kando ya jina la shujaa wake.

Sasa, Chula cha kweli hakikupata bahati ya kuwa kijiji cha riwaya. Serikali ya Somalia ilipoanguka mwaka 1991, wanamgambo wenye silaha walivivamia visiwa, wakapora, wakaua. Wengi walikimbia kwa vyombo hadi Kenya. Wengine wakaishi katika kambi ya Jomvu, Mombasa, mpaka ilipofungwa mwaka 1997. Uhalifu huo haukuwa na fumbo lolote, kwa sababu uliotendwa ulitendwa mchana. Mpelelezi hakuhitajika. Aliyehitajika ni hakimu, naye hakufika.

Mpelelezi alikuja baadaye, mahali pengine. Wabajuni waliofika Uingereza wakiomba hifadhi waliulizwa wathibitishe kwamba ni Wabajuni kweli. Waliulizwa majina ya visiwa na ya koo. Na tangu miaka ya 2000 sauti za wengi zilirekodiwa na kupewa wachambuzi wa lugha, waamue kama msemaji ni wa visiwani au ni wa Kenya. Sisi walimu wa Kiswahili hatuna budi kulitazama hili kwa makini, kwani ni elimu yetu iliyotumika. Mahali wengi wetu tusemapo mtu, Kibajuni husema mchu. Ni dalili safi, ya kumfurahisha Bwana Msa na kumfanya ajaze kiko chake upya. Lakini mtoto aliyetoka Chula mwaka 1991 akiwa mchanga, akakua Jomvu na kucheza na watoto wa Mombasa, atasema mtu. Mchambuzi atasikia Mombasa, na hatakosea kuhusu sauti. Atakosea kuhusu mtoto.

Angalia jinsi swali lilivyo lilelile la riwaya: huyu ni nani hasa, ni mwana wa nani? Tofauti ni kwamba muulizaji hatakutana naye tena sokoni. Akisema huyu si wa Chula, faili linafungwa, nalo linalofuata ni la mtu mwingine. Sisemi kwamba waulizaji wote walikuwa wabaya. Wapo waliojitahidi kujifunza visiwa hivyo kwa bidii kuliko wengi wetu. Nasema tu kwamba walikuwa na ujuzi wa Bwana Msa bila ya baraza lake.

Darasani, tunapomaliza Mzimu wa Watu wa Kale, huwa tunauliza muuaji aligunduliwaje. Ni swali jepesi, na majibu yanapatikana katika daftari za kaka zao. Ningependa tuulize kinachofuata: kesho yake Bwana Msa atapita njia gani kwenda dukani, na nani hataitikia salamu yake?

Na kama siku moja kijana wa Kibajuni ataanza mfululizo wake, nadhani hatakuwa na ufukwe wa kuanzia, kwani watu wa Chula wametawanyika Kismayu, Mombasa na ng'ambo. Baraza lao ni simu. Mpelelezi wake atakuwa bibi mmoja aliyeketi Mombasa, azijuaye koo zote kwa moyo, ambaye usiku mmoja anapigiwa simu na wakili kutoka London: kuna kijana hapa asema ni wa Chula, ametaja jina la babu yake, je, unamjua? Bibi anamjua babu. Anajua kwamba mzee huyo hakuacha mjukuu. Anajua pia kwamba kijana, kwa sauti yake, ametoka mahali ambako hakuna mtu angependa kurudishwa. Sijui mwandishi atamfanya bibi ajibu nini. Najua kwamba watu wa Chula watapata habari kabla ya adhuhuri, na kwamba ninachokitaka zaidi kukisoma ni kitabu cha pili.