Mwanagenzi Si Udongo

Mzazi anayempeleka kijana kwa fundi, iwe gereji, kwa seremala au kwa mfinyanzi, huacha mlangoni maneno yaleyale: huyu ni mwanao, mfunze, akileta ukaidi usimwonee haya. Akipenda kuyatia chumvi ataongeza methali, kwamba udongo uwahi ungali maji. Kwa mfinyanzi methali hiyo ina kichekesho chake. Udongo uliojaa maji haufinyangiki. Unalala tu mikononi kama uji. Chungu huinuliwa kwa udongo uliokwisha kupumzishwa, ukapungua maji, ukakandwa na kuchanganywa na mchanga au magae yaliyosagwa ili ustahimili moto. Na hata hapo ukiuendea mbio, unapasuka.

Bado methali inatumika, na nyuma yake kuna swali zito kuliko wanavyodhani wanaoitamka: je, binadamu anayo ruhusa ya kumfinyanga binadamu mwenzake?

Dini kubwa mbili za Afrika Mashariki zimemweka mfinyanzi mahali pa heshima. Katika Qur'ani, Surat Ar-Rahman inasimulia kwamba mtu aliumbwa kwa udongo mkavu unaolia kama chombo cha mfinyanzi. Katika Biblia, Isaya anamtaja Mungu kuwa mfinyanzi wa watu wake, na Paulo, akiwaandikia Warumi, anauliza kama udongo una haki ya kumsaili aliyeufinyanga. Mahubiri juu ya aya hizo yamesikika tangu Lamu hadi Kigoma, na ujumbe ni mmoja: nyenyekea. Muumini hana ugomvi na hilo. Ugomvi huanza pale mfano unaposhushwa duniani, fundi akakalia kiti cha Muumba na kijana akageuzwa donge.

Tena wanaoushusha mfano huo huwa hawajausoma wote. Yeremia, katika sura ya 18, anatumwa ashuke nyumbani kwa mfinyanzi, anamkuta akifanya kazi kwenye magurudumu, na chombo kinaharibika mkononi mwake. Wahubiri wengi hupita hapo haraka ili wafike kwenye uwezo wa mfinyanzi wa kukifanya upya. Lakini kimeharibika mkononi mwa fundi anayeijua kazi yake. Aliyewahi kukaa mbele ya gurudumu anajua maana yake: udongo umekataa. Na aya zinazofuata zinaeleza kwamba Mungu mwenyewe atageuza alilokusudia juu ya taifa, kwa heri au kwa shari, kulingana na mwenendo wa taifa hilo. Udongo wa Yeremia una sauti.

Karakana ya ufinyanzi ina wahusika watatu, si wawili: fundi, mwanagenzi na udongo wenyewe. Huyo wa tatu ndiye asiyejali vyeo. Maji yaliyosalia ndani ya ukuta wa chungu yakifika nyuzi 100 yanakuwa mvuke, na mvuke usipopata njia chungu kinalipuka. (Mafundi wengi hulaumu hewa iliyofungiwa ndani ya udongo. Hewa husingiziwa, mkosaji mara nyingi ni unyevu.) Karibu na nyuzi 573 chembe za madini ya kwazi (quartz) zilizomo kwenye udongo hutanuka ghafla, na chungu kikipoa zinanywea ghafla vilevile, hapo hata chombo kilichonyooka kama yai hupata ufa. Wala fundi hawezi kuingia motoni kubembeleza. Asubuhi atafukua majivu akute magae, mbele ya mwanafunzi wake, na hana wa kumchapa.

Kwa hiyo utii anaodaiwa kijana ni wa namna ya pekee. Anamtii fundi kwa sababu fundi ameutii udongo miaka mingi kabla yake.

Michael Polanyi, mwanakemia aliyegeukia falsafa, aliligusa jambo hili katika kitabu alichokichapisha mwaka 1958, *Personal Knowledge*. Alieleza kwamba ufundi una kanuni ambazo hata bingwa mwenyewe hawezi kuzitaja, na mwanafunzi huzipata kwa kumtazama na kumwamini kabla hajaelewa sababu. Mwulize mfinyanzi anajuaje kwamba udongo umekandwa vya kutosha. Atakupa donge ulishike. Polanyi hakuona aibu kusema kwamba kujifunza kwa mfano ni kujiweka chini ya mamlaka. Hakukosea. Ila mamlaka hayo yana kikomo, na kikomo chake ni tanuri.

Na hilo la kuwahi udongo ungali maji? Mtafiti Ingrid Herbich, aliyechunguza wafinyanzi wa Kijaluo magharibi mwa Kenya katika miaka ya 1980, alikuta kwamba wanawake wengi hawakujifunza kazi hiyo utotoni kwa mama zao. Walijifunza baada ya kuolewa, wakiwa watu wazima, kwa mama mkwe au wake wenza waliowatangulia. Bi harusi alifika na akili zake na kinywa chake, akapokea mtindo wa vyungu wa boma alilolihamia. Huyo si udongo mbichi. Ni mtu mzima anayeamua, kwa kiasi ambacho ndoa inamruhusu kuamua, kuyaweka maarifa ya wengine kwenye vidole vyake.

Kisa cha Abuja kinalipindua swali kabisa. Mwaka 1952 Mwingereza Michael Cardew alifungua kituo cha kufundishia ufinyanzi katika mji wa Nigeria uliokuwa ukiitwa Abuja. Leo mji huo ni Suleja, na jina lake limechukuliwa na mji mkuu. Yeye mwenyewe alikuwa amepitia uanagenzi, tangu alipojiunga mwaka 1923 na karakana ya St Ives, Cornwall, ambayo Bernard Leach na Mjapani Shoji Hamada waliianzisha mwaka 1920. Na alikuwa amekwisha kuonja kushindwa: alikwenda Gold Coast, yaani Ghana ya sasa, mwaka 1942, na kiwanda alichokisimamia Alajo, karibu na Accra, kilifungwa mwaka 1945. Pale Abuja alianza na wanafunzi wanaume, ilhali vyungu vya eneo lile vilikuwa kazi ya wanawake. Mtu anaweza kucheka, lakini makosa ya namna hiyo bado yamejaa kwenye miradi ya ufundi.

Mwaka 1954 akaingia Ladi Kwali, mwanamke wa kwanza kituoni. Alikuja kama mwanafunzi, na alikuwa bingwa tayari. Shangazi yake alimfundisha tangu utotoni. Mtungi wake mkubwa ulikaa chini umetulia, yeye akauzunguka kinyumenyume, mkono ukiuvuta udongo juu na kuongeza mikunjo, kisha akachora mijusi, nge na mamba ubavuni. Mwili wa mfinyanzi ndio uliokuwa gurudumu. Cardew alimwongezea tanuri la moto mkali, yale madini yanayogeuka kioo juu ya chombo, na gurudumu pia, ambalo alilimudu. Mitungi yake mikubwa Kwali hakuihamishia kwenye gurudumu. Leo picha yake iko kwenye noti ya naira 20.

Nani hapo alikuwa udongo wa nani? Cardew alitoka Abuja akiwa mtu mwingine kuliko aliyeingia, na hakulificha.

Mwaka 1974 akafika hapo binti wa Nairobi, Magdalene Odundo, aliyezaliwa mwaka 1950, aliyekuwa amekwenda Uingereza kusomea sanaa. Wanawake wa Abuja walimfundisha kuinua chungu kwa mkono. Odundo hakuiga mitungi ya Kwali. Alichukua mwendo wa mikono, akaacha mijusi na kioo. Vyombo vyake havipakwi chochote zaidi ya maji ya udongo laini, vinasuguliwa mpaka vinang'aa, vinachomwa vikawa rangi ya chungwa, na vingine hurudishwa kwenye moto wa moshi mpaka viwe vyeusi. Mwaka 2020 Uingereza ilimpa hadhi ya Dame. Kama angefinyangwa, dunia ingekuwa na nakala moja zaidi ya mitungi ya Kwali.

Kijana wa leo anayetafuta pa kujifunza hana haja ya kwenda mbali hivyo. Ikombe, mwambao wa Ziwa Nyasa karibu na Matema, wanawake wa Kikisi wanafinyanga vyungu vinavyouzwa mbali na huko. Nyanza na Pemba wapo. Hawana mabango wala fomu za kujiunga. Mtu anakwenda, anasalimia, anaomba, anachota maji na kubeba kuni kabla hajakabidhiwa donge. Kwa upande wa Tanzania, VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi, ambapo aliyejifunza nje ya darasa hupimwa na kupewa cheti.

Lipo jambo moja ambalo wazazi hulisahau mlangoni. Vyungu vya Abuja vilibeba alama mbili, ya kituo na ya mtu aliyevifanya. Ya Ladi Kwali ilikuwa herufi LK. Huko Japani, Soetsu Yanagi, aliyefungua jumba la makumbusho ya sanaa za watu wa kawaida mjini Tokyo mwaka 1936, angenung'unika. Kwa imani yake ya Kibudha, uzuri wa kweli hutoka kwa fundi asiyejulikana, aliyejisahau na kutegemea nguvu isiyo yake. Ni fikra tamu, na ilitoka kwa mtu aliyeandika jina lake kwenye kila kitabu chake. Kijana wa Kyela au Kisumu ambaye vyungu vyake vinauzwa na fundi kwa miaka mitatu bila alama wala mgawo anahitaji kitu kingine kuliko kujisahau. Mzazi na aulize hayo mapema, akiwa bado mlangoni: mafunzo yataisha lini, chungu cha mwanafunzi kikiuzwa hela ni ya nani, kikivunjika hasara ni ya nani, na siku ya kuchoma kijana atakaa na moto mpaka alfajiri au atatumwa sokoni kununua sukari.