Hofu Iliyofukia Talanta

Somo: Mathayo 25:14–30



Vijana wetu wa sekondari na vyuo wananiuliza: Padri, nifungue biashara ya nini, ikiwa akili mnemba itafanya kila kitu? Swali hili tusilipuuze. Mwenye steshenari anaishi kwa kuchapa barua za maombi ya kazi na kutengeneza kadi za harusi, na leo simu inazimaliza kazi hizo kwa dakika chache. Aliyetamani duka kama hilo ana sababu ya kusita.

Mtumwa wa tatu katika mfano huu wa Injili, aliyekabidhiwa talanta moja na bwana wake, naye aliogopa. Hakuiba talanta wala hakuitapanya, aliifukia. Huwa tunamlaumu kwa uvivu, tukaishia hapo. Lakini bwana wake alimwambia pia kwamba angeweza kuipeleka kwa watoa riba. Asiyeweza kufanya biashara peke yake alikuwa bado na watu wa kuwaendea.

Mei 2025, siku mbili baada ya kuchaguliwa, Papa Leo wa Kumi na Nne aliwaeleza makardinali kwamba jina lake linamkumbuka Leo wa Kumi na Tatu, aliyeandika waraka wa Rerum Novarum mwaka 1891, viwanda vilipokuwa vikigeuza maisha ya wafanyakazi. Siku hizi, alisema Papa, akili mnemba imetuletea jaribu la namna hiyo. Waraka ule ulitetea ujira wa haki, na pia haki ya wafanyakazi kuungana katika vyama vyao.

Huku kwetu malori yanapita Nyakanazi kwenda mipakani Rusumo na Kabanga, na madereva wanahitaji chakula, malazi na mafundi. Ndizi, maharage na kahawa vinatafuta soko. Simu itamsaidia kijana kupiga hesabu na kuandika tangazo, ila bei ikianguka haitambebea hasara. Hasara hiyo ndiyo inayomtisha zaidi, maana akianguka anaanguka peke yake, na sisi tunamcheka.

Lakini si lazima awe peke yake. Halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na asilimia 4 kati ya hizo ni ya vijana walio katika vikundi. Wazazi, wasaidieni wanaohitimu kuunda vikundi hivyo. Nanyi jumuiya ndogondogo, kila moja imchague kijana mmoja, imchangie mtaji wa kuanzia. Na akipata hasara mara ya kwanza, tuibebe pamoja naye.