Mgeni Aliyeletwa Kushika Mchanga

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwenye pwani ya New South Wales, Australia, mgeni alikuja, mwenyeji akazikwa akiwa hai.

Mgeni mwenyewe ni bitou, kichaka cha Afrika Kusini chenye maua ya manjano. Kwao ni mmea wa kawaida tu, una wadudu wake wa kuutafuna na kuupunguza. Huko Australia ulionekana mwanzoni mwa karne ya 20 karibu na Newcastle, na inaaminika mbegu zilisafiri katika mchanga wa kutulizia meli tupu. Pengine ungebaki hapohapo. Lakini wachimbaji wa madini walipochimbua matuta ya ufukweni, upepo ukaanza kuuhamisha mchanga, na idara ya serikali ya kuhifadhi udongo ikaona kichaka kinachoota upesi kisichoogopa chumvi. Kuanzia 1946 hadi 1968 ikakipanda kwa makusudi.

Mchanga ukashikika. Tusiwacheke waliopanda: kazi waliyokitakia kichaka hicho, kiliifanya. Ila hakikuambiwa pa kukomea. Kichaka kimoja huweza kuzaa mbegu 50,000 kwa mwaka, na ndege wanaokula matunda yake huzisambaza bure. Kikapanda juu ya miti ya asili ya pwani, akasia na banksia, kikaifunika mimea midogo inayotambaa mchangani, hadi kikaenea takriban asilimia 80 ya pwani ya jimbo lile.

Ndipo ikaja dawa ya kuua magugu. Glaifoseti huingia kwa jani, hushuka hadi mzizini na kuuzuia mmea kutengeneza protini zake. Haiulizi mmea umetoka wapi. Jani bichi ni jani bichi. Kwa hiyo wataalamu wakatafuta upenyo: wanyunyize kwa helikopta wakati wa baridi, tena kwa kipimo kidogo, bitou ikiwa inakua kwa nguvu na mimea mingi ya asili imepunguza mwendo. Ulikuwa ujanja wa kweli, na mahali pengi mimea ya asili ilinusurika. Mingi, si yote. Jani gumu lenye nta huvumilia. Chipukizi laini huungua. Dawa nyingine, metsulfuroni, huziacha nyasi zinazoshika tuta la mbele lakini huua mimea ya majani mapana, na mchanga hauna mfinyanzi wa kuizuia isizame mpaka kwenye mizizi ya jirani. Aliye juu angani anaona zulia moja la kijani. Kilicho chini ya zulia hakioni.

Hata hivyo, mimi naona hasara kubwa ilikuwa ikingoja baada ya helikopta kuondoka. Bitou ikikauka, jua hulifikia tuta lililokuwa gizani kwa miaka, na akiba ya mbegu iliyolala mchangani huamka kwa pamoja. Inaota bitou upya. Mahali pengine inatangulia lantana, nayo ni mgeni vilevile. Mbegu za wenyeji zimekwisha, au zimebaki chache zisizoweza kushindana. Mwenye kunyunyiza mara moja akaenda zake alirudi kukuta kichaka kingine palepale, na safari hii bila hata yale mabaki ya akasia yaliyokuwepo. Pale palipopona, watu walirudi mwaka baada ya mwaka, wakang'oa miche kwa mkono, wakapanda miti ya asili.

Sasa geuza ramani. Huko Cape, katika Afrika Kusini ilikotoka bitou, wakoloni wa karne ya 19 waliuona mchanga wa Cape Flats ukipeperuka, nao wakaagiza miti ya kuushika. Waliagiza akasia kutoka Australia. Miti hiyo imeimeza mimea ya asili ya Cape kama bitou ilivyomeza ya Australia, na hadi leo wafanyakazi huikata mmoja mmoja, kisha hupaka dawa kwenye kisiki kwa brashi.