Mpwa Wangu, Kabla Hujapanda Ndege ya Japani

Mpwa wangu,

Mamako alinipigia simu jana baada ya magharibi, akanieleza kuwa barua ya ufadhili imefika na mwezi wa kumi utakuwa Japani. Nimefurahi. Sikukupigia wewe kwa kuwa maneno ya simu huingia sikio hili yakatokea lile. Haya yasome, kisha uyasome tena ndani ya ndege.

Mimi nilikwenda mwaka 2005. Mradi wa SMASSE, ambao Kenya iliuanza pamoja na JICA, shirika la misaada la Japani, mwaka 1998, ulikuwa ukipeleka walimu wa hesabu na sayansi wakaone wenzao wanavyofundisha. Nilikuwa nimefundisha kemia miaka 21. Nimezoea kuitwa mwalimu hata na wauza samaki, nimezoea kusahihisha. Huko nilisahihishwa kuanzia mlangoni.

Nyumba ya Kijapani ina kiingilio kiitwacho genkan, sakafu yake iko chini kidogo ya sakafu ya ndani. Viatu unavivua hapo, unapanda na soksi bila kukanyaga tena chini, kisha unavigeuza vitazame nje. Hilo halikunishinda. Kilichonishinda ni choo. Choo kina ndara zake, zinavaliwa humo na kuachwa humo. Usiku wa pili katika nyumba ya wageni nilitoka chooni huku nikiongea na mwenzangu, nikapita ukumbini, nikaingia chumba cha mikeka ya tatami. Watu wameketi wanakula, nami miguuni nina ndara za plastiki za chooni. Hakuna aliyenifokea. Mama mwenye nyumba alikuja taratibu, akainama, akanyoosha kiganja kuelekea miguu yangu, basi. Masikio yaliniwaka.

Na haya yangu hayakuwa ya ugeni. Nyanya yetu, ambaye wewe hukumdiriki, alikuwa na mitalawanda yake ya chooni, na ole wako uingie nayo chumbani. Mimi niliyelelewa hivyo ndiye niliyesahau. Kwa hiyo usiende huko kama mtu anayekwenda kustaajabia viumbe wa ajabu. Mengi utayatambua, kama ulilelewa.

Watakualika kwenye chai. Hii si chai ya kuteremshia mkate. Ni chuo kizima cha adabu, na watu huisomea miaka na miaka huku bado wanajiita wanafunzi. Aliyeipa sura yake ni Sen no Rikyū, mzaliwa wa Sakai, mwaka 1522. Aliwahudumia wakubwa wa enzi yake, Oda Nobunaga na baadaye Toyotomi Hideyoshi, na huyo wa pili ndiye aliyemwamuru ajiue mwaka 1591. Sababu wanaibishania mpaka leo. Chumba kinachohesabiwa kuwa kazi yake, Tai-an, kingalipo Yamazaki karibu na Kyoto, na ukubwa wake ni mikeka miwili tu. Mlango wa vyumba vya namna hiyo ni kama tundu, kimo chake sentimita 66 hivi. Hupiti wima. Bwana mkubwa anatambaa kama mtoto wake, na mwenye upanga aliuacha nje.

Mimi nilinywea Uji, kusini ya Kyoto, mji wenye jina kwa chai. Tuliketi kwa magoti, tumekalia visigino. Nikajiambia, hiki ni kikao cha tahiyatu, hapa mimi ni mwenyeji. Lakini tahiyatu ina mwisho! Baada ya robo saa miguu ilikufa ganzi, na nilipotaka kuinuka nilianguka ubavu mbele ya wanafunzi wangu wawili wa zamani waliokuwa walimu nami kwenye kozi. Ukiona umezidiwa, omba ruhusa unyooshe miguu pembeni. Hawakasiriki. Mimi niliona ni ushujaa kuvumilia.

Kwanza huja kitu kitamu, kitoto cha haluwa ya maharage chenye umbo la jani au ua, nawe unakimaliza kabla ya chai. Halafu mwenyeji anatia unga wa kijani bakulini, anamimina maji ya moto kwa kata ya mwanzi, anaukoroga kwa kijibrashi cha mwanzi uliochanwa nyuzi nyuzi mpaka povu lisimame. Hasemi neno. Kila kifaa anakifuta ingawa ni kisafi, ili ukione kikifutwa. Bakuli likija, unamgeukia kwanza jirani na kumwomba radhi kwamba unamtangulia. Neno lao ni osaki ni. Nililipenda hilo kuliko yote. Kisha unalipakata bakuli kiganjani mwa kushoto, unalizungusha kidogo kufuata saa ili usinywee upande wa uso wake, unakunywa, na fundo la mwisho unalifyonza kwa sauti mwenyeji ajue umemaliza. Ni chungu, na ule utamu uliotangulia unaipokea. Mtu wa Mombasa aliyekunywa kahawa chungu kwa kashata haelezwi zaidi.

Ukimaliza, unainama na kulitazama bakuli, viwiko karibu na magoti lisije likaanguka kutoka juu. Hapo ni adabu kuuliza limefinyangwa wapi. Mwenzetu mmoja, simtaji kwa sababu mamako anamjua, aliuliza bei. Mkalimani alikohoa, akasema kitu kirefu kwa Kijapani, na mwenyeji akatabasamu na kuanza kueleza udongo. Sikujua alitafsiri nini, lakini nilimshukuru moyoni.

Madogo madogo nisiyasahau. Vijiti vya kulia usivisimamishe katikati ya wali, wala usimpokeze mtu chakula kutoka vijiti kwa vijiti. Yote mawili ni mambo ya msibani: wali wa namna ile huwekewa maiti, na mifupa ya aliyechomwa jamaa huiokota kwa vijiti na kupokezana. Wakikuvika yukata, upande wa kushoto uje juu ya wa kulia. Kinyume chake ni vazi la marehemu. Kadi ya jina ipokee kwa mikono miwili, uisome, usiitie mfukoni papo hapo.

Utafika mahali pa ibada pia. Penye lango la torii kuna birika na kata, watu wananawa mikono na kusukutua kabla ya kusogea. Mimi nilisimama pembeni kwa heshima, sikupiga makofi yao, na hakuna aliyeona vibaya. Hamamu yao ya pamoja, ambapo watu huingia uchi, wanaume kwao na wanawake kwao, niliikataa kwa kuinama na kushukuru. Ya nguruwe na pombe waeleze mapema, kabla mpishi hajahangaika. Kukataa kwa upole wanakuelewa. Kukubali kisha ukanuna ndiko kunakowavunja.

Sasa lile nililolitaka hasa. Katika shule moja ya msingi niliona watoto baada ya chakula wakifunga vitambaa vichwani, wanafagia, wanapangusa sakafu kwa matambara wakikimbia wameinama mstari mmoja kwenye ujia. Hata sisi watoto wetu wanafagia, utasema. Kweli. Lakini mwalimu wao alikuwa na tambara lake, amepiga magoti pamoja nao. Na anayesafisha choo hakuwa amechelewa wala kukosea, zamu yake tu ilifika. Kwetu choo nilikuwa nikikitoa kama adhabu, miaka 21, halafu nikishangaa kwa nini watoto wanakichukia.

Niliporudi nilifanya kosa ambalo nakuomba usilirudie. Kila sentensi yangu chumba cha walimu ilianza na "kule Japani". Ndani ya mwezi mmoja nikabatizwa Mjapani, na nikifungua mdomo watu wanatafuta chaki. Muhula uliofuata nilinyamaza. Ijumaa moja nikachukua ufagio, nikaingia vyoo vya wavulana na kidato cha pili, nikafagia. Wiki ya kwanza walinicheka. Mpaka nastaafu, adhabu ya choo ilikuwa imekwisha katika darasa langu, na walimu wengine wawili waliiacha pasipo mimi kuwaambia lolote.

Ukipata siku mbili za bure, nenda Ise. Hekalu lao kuu wanalijenga upya kila miaka 20, jipya kando ya la zamani. Mara ya mwisho ilikuwa 2013, ijayo ni 2033. Seremala anayebeba mbao akiwa kijana ndiye atakayemwelekeza mwingine miaka 20 baadaye, na kwa njia hiyo kazi haijawapotea. Wewe ni mwalimu, utaelewa wanachokilinda ni mbao au ni mikono.

Na soksi, mpwa wangu. Nunua mpya, pea sita, uzikague moja moja zisiwe na tundu. Viatu utavivua mara kumi kwa siku.

Mjomba wako.