Mkienda Saanane



Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, hatungoji tena kivuko, na vijana wetu wanapenda kwenda Mwanza kutazama wanyama wa kisiwa cha Saanane. Vema, na waende.

Kisiwa hicho kilifanywa bustani ya wanyama ya serikali mwaka 1964. Tangu 2013 ni Hifadhi ya Taifa. Lakini fikirini habari za Rubondo, upande wa pili wa ziwa letu. Kati ya 1966 na 1969 sokwe 17 waliachiliwa huko. Walikuwa wamekamatwa Afrika wangali wadogo, wakafungwa vizimbani Ulaya. Mkono wa binadamu uliwafunga. Mkono wa binadamu ukawafungua. Wakajifunza upya msitu, na uzao wao ukaja kuwakimbia watu, kama ipasavyo.

Ndugu, kazi ya kwanza aliyopewa Adamu ilikuwa jembe na ulinzi (Mwanzo 2:15). Hakupewa rungu.

Basi kijana akimrushia pimbi wa Saanane jiwe ili wenzake wacheke, mzazi asinyamaze. Amshike mkono papo hapo.